Maisha ya Lord Rayleigh, mgonjwa wa Nile aliyefumbua siri ya sauti na joto

WAHANDISI wanaotafuta namna ya kupoza mitambo ya gesi kwa kutumia mawimbi ya sauti hujikuta, watake wasitake, wakirejelea kazi za mtu aliyezikwa zaidi ya karne moja iliyopita.

Mtu huyo ni John William Strutt, ambaye wanafunzi wa fizikia duniani humjua kwa jina la cheo chake, Lord Rayleigh. Alifariki mwaka wa 1919, miaka 20 kabla ya mtambo wa gesi kuanza kuzalisha umeme wa umma katika mji wa Neuchâtel, nchini Uswisi. Hakuwahi kuona turbini ya aina hiyo ikiwasha taa hata moja. Hata hivyo, kanuni zinazoeleza kwa nini mitambo hiyo huweza kunguruma hadi ikavunjika, na kwa nini sauti iyo hiyo huenda ikasaidia kuipoza, aliziandika yeye katika karne ya 19.

Kwa Mkenya, suala hili lina bei yake. Mitambo miwili ya gesi yenye uwezo wa kuzalisha megawati 60 kwa jumla, inayotumia mafuta ya taa, iliwekwa Kipevu, Mombasa, katika miaka ya 1980 na 1990, kabla ya kuishia Muhoroni, Kaunti ya Kisumu, mwaka wa 2016. Mkulima wa Chawia, kwenye milima ya Taita juu ya mji wa Mwatate, huenda hajawahi kuitia machoni mitambo ya namna hiyo, lakini gharama ya mafuta yanayochomwa kuzalisha umeme imo ndani ya kila tokeni anayonunua. Mtambo unaopoteza joto ovyo humpotezea na yeye senti zake.

Ndiyo maana maisha ya Rayleigh yanastahili kusimuliwa upya.

Mtoto asiye na afya

Strutt alizaliwa Novemba 12, 1842, huko Langford Grove karibu na mji wa Maldon, jimbo la Essex, mashariki mwa Uingereza. Wakati huo Seyyid Said alikuwa akiitawala Pwani ya Afrika Mashariki kutoka Unguja, na reli iliyokuja kuzaa mji wa Voi ilikuwa ingali zaidi ya miaka 50 mbele.

Familia yake ilimiliki mashamba makubwa, na makao yake yalikuwa jumba la Terling Place. Baba yake alikuwa na cheo cha Baroni, cheo ambacho kwa desturi ya Waingereza hurithiwa na kitinda wa nasaba aliye mkubwa kuliko ndugu zake wa kiume, yaani mwana wa kwanza. Watu wa tabaka hilo walitarajiwa kusimamia ardhi, kuwinda na kuketi bungeni. Kushinda maabara mikono ikiwa na nta na masizi halikuwa jambo lililotarajiwa kutoka kwao.

Utotoni alikuwa mdhaifu wa mwili. Alisoma kwa muda mfupi katika shule mashuhuri za Eton na Harrow, lakini maradhi yalimtoa kote kuwili, akamalizia masomo yake chini ya mwalimu wa kibinafsi. Mwaka wa 1861 alijiunga na Chuo cha Trinity katika Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako alifundishwa na mwanahisabati Edward Routh. Waliomwona akiingia hawakumdhania kuwa hodari kuliko wenzake. Mwaka wa 1865 alishika nafasi ya kwanza katika mtihani wa hisabati ulioogopwa kuliko mitihani yote chuoni humo.

Mwaka wa 1868, baada ya kuzuru Marekani, alinunua vifaa vya majaribio na kuanza kujijengea maabara yake nyumbani Terling. Miaka mitatu baadaye alimwoa Evelyn Balfour, dada ya Arthur Balfour ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza.

Mwaka huo wa 1871 ndipo alipotoa maelezo yaliyolifanya jina lake lianze kusikika. Alionyesha kwamba mbingu huonekana buluu kwa sababu chembe ndogo mno zilizomo hewani hutawanya mwanga wenye mawimbi mafupi, yaani wa buluu, kuliko ule wenye mawimbi marefu, yaani mwekundu. Anayesimama Chawia siku angavu na kutazama nyanda za Tsavo kuelekea Kasigau huona mlima huo ukiwa na rangi ya samawati, ingawa mwenyeji wake anajua kuwa umevaa msitu wa kijani. Buluu hiyo si ya mlima. Ni ya hewa iliyo katikati ya jicho na mlima. Jua linapozama, mwanga wake husafiri hewani masafa marefu zaidi, buluu ikatawanyika njiani na wekundu ukabaki.

Kitabu kilichoanzia mtoni

Mwaka wa 1872, akiwa na umri wa miaka 30 hivi, Strutt alipatwa na homa kali ya baridi yabisi iliyokaribia kumuua. Madaktari wa enzi hizo hawakuwa na dawa ya kuiponya. Kilichobaki ni kumtoa katika baridi ya Ulaya na kumpeleka penye jua.

Basi mwishoni mwa mwaka huo yeye na mkewe walisafiri hadi Misri, wakapanda jahazi lenye vyumba vya kulala na kuanza safari ya polepole kukwea Mto Nile, mto ambao maji yake huanzia huku kwetu katika Ziwa Viktoria. Katika jahazi hilo, akiwa mbali na maktaba na mbali na maabara, mgonjwa huyo alianza kuandika kitabu kuhusu nadharia ya sauti.

Hakuna aliyemwagiza kazi hiyo. Hapakuwa na kiwanda kilichoihitaji wala serikali iliyoigharimia. Simu ilikuwa haijavumbuliwa, na redio haikuwa hata ndoto. Alitaka tu kujua kwa nini uzi ulionyooshwa hulia, kwa nini kengele huvuma, na sauti husafiri vipi hewani, majini na katika vyuma.

Alirejea Uingereza mwaka wa 1873, na muda si muda baba yake akafariki. Strutt akarithi cheo na kuwa Baroni Rayleigh wa tatu, pamoja na mashamba yaliyohitaji msimamizi. Mwaka wa 1876 alimkabidhi ndugu yake Edward kazi ya kuyaendesha, naye akarudi kwenye majaribio yake. Juzuu ya kwanza ya kitabu kile ilitoka mwaka wa 1877 na ya pili mwaka wa 1878. Hadi leo wahandisi wa sauti hukifungua, si kwa heshima ya kale tu, bali kutafuta majibu.

Moto unaoimba

Miongoni mwa mambo yaliyomshughulisha ni kioja kilichojulikana kwa mafundi wa vioo tangu zamani. Fundi anapopasha moto mwisho wa mrija wa kioo, mara nyingine mrija huo hutoa sauti wenyewe bila kupulizwa. Mwaka wa 1859 Mholanzi Pieter Rijke alionyesha kwamba bomba lililosimamishwa wima, likiwa na wavu wa waya uliopashwa moto katika nusu yake ya chini, huimba kwa nguvu. Wengi walistaajabu, wachache wakajaribu kueleza, na maelezo yao hayakutosheleza.

Rayleigh alitoa jibu mwaka wa 1878. Sauti, alieleza, ni hewa inayobanwa na kulegea kwa zamu. Joto likiongezwa hewani wakati ule hewa inapobanwa, mtetemo hupata nguvu. Joto hilo likiongezwa wakati hewa inapolegea, mtetemo hudhoofika na kufa. Ni sawa na mtu anayesukuma bembea: akisukuma kwa wakati wake, bembea hupanda juu, akisukuma ikiwa inamjia, huizuia.

Kanuni hiyo fupi ilikaa vitabuni kwa miongo mingi kama jambo la kupendeza lisilo na kazi. Kisha zikaja injini za ndege, roketi na mitambo ya gesi ya kuzalisha umeme. Ndani ya chumba cha kuchomea mafuta, mwali wa moto huwaka katikati ya hewa iliyoshindiliwa. Mwali ukicheza kwa kupatana na mtetemo wa hewa, sauti hukua kwa kujilisha yenyewe hadi chuma kikapasuka. Wahandisi wa Marekani waliounda injini kubwa za roketi iliyowapeleka watu mwezini mwaka wa 1969 walihangaika kwa miaka kadhaa na mngurumo wa aina hiyo kabla ya kuutuliza. Waundaji wa mitambo ya gesi ya kisasa, inayochoma mafuta kidogo katika hewa nyingi ili kupunguza uchafuzi, wangali wanapambana nao, na kipimo chao cha kwanza ni kanuni ya Rayleigh.

Uprofesa na mikondo ya hewa

Mwishoni mwa miaka ya 1870 kilimo cha Uingereza kilidorora na mapato ya mashamba ya Rayleigh yakashuka. Mwaka wa 1879 mwanafizikia James Clerk Maxwell alifariki, na kiti chake cha uprofesa katika Maabara ya Cavendish, Cambridge, kikabaki wazi. Rayleigh alikubali kukikalia, mshahara wenyewe ukiwa mojawapo ya sababu.

Kwa miaka mitano aliyokaa hapo aliweka misingi ya kufundisha fizikia kwa vitendo, mwanafunzi akishika kifaa kwa mkono wake badala ya kumtazama mwalimu tu. Mwaka wa 1882 maabara hiyo iliwafungulia wanawake madarasa yake kwa masharti sawa na wanaume, wakati ambapo Cambridge haikuwa ikiwapa wanawake shahada. Shemeji yake Eleanor Sidgwick, ambaye baadaye aliongoza Chuo cha Newnham, alishirikiana naye katika vipimo vya kina vya umeme vilivyosaidia kusawazisha vizio tunavyovitumia hadi leo.

Mwaka wa 1884, mwaka alioacha uprofesa na kurudi Terling, ilichapishwa kazi yake nyingine ambayo wanaotaka kupoza mitambo kwa sauti huirejelea sana. Ilijulikana kwamba vumbi lililotawanywa ndani ya mrija wenye sauti hujipanga mafungu mafungu. Rayleigh alithibitisha kwa hesabu kwamba hewa inayotetemeka mbele na nyuma karibu na ukuta haiishii kurudi pale ilipoanzia. Huzaa mikondo ya polepole inayozunguka bila kukoma. Kwa maneno mengine, sauti inaweza kuikoroga hewa kama mwiko unavyokoroga uji.

Umuhimu wake katika upoaji ni huu. Kitu chochote chenye joto huvikwa tabaka jembamba la hewa iliyotulia, nalo humfanyia kazi ya blanketi. Anayepuliza chai huliondoa blanketi hilo kwa pumzi yake. Sauti inayozaa mikondo hufanya kazi kama hiyo bila feni.

Vita ndani ya turbini

Ndani ya turbini ya gesi, moshi wa moto unaosukuma mapanga huwa na joto linaloweza kupita nyuzijoto 1,500 za Selsiasi, ilhali madini ya nikeli yanayoundia mapanga hayo huyeyuka kabla ya kufikia kiwango hicho. Mapanga husalimika kwa sababu sehemu ya hewa iliyoshindiliwa huchepuliwa, ikapitishwa ndani yake kwa mifereji myembamba, na kutokea kwenye vitundu vidogo ili kuyafunika kwa utando wa hewa isiyo na joto kali. Hewa hiyo hailetwi bure. Kila kiasi kinachotengwa kwa kupoza ni kiasi kisichoungana na mafuta kufanya kazi.

Hapo ndipo sauti inapoingia. Watafiti wamefanya majaribio ya kuuelekezea utando huo mawimbi ya sauti ya kipimo maalumu ili kuona kama hewa chache inaweza kupoza eneo kubwa zaidi. Matokeo hutegemea kasi ya mtetemo na nguvu yake. Kwa kipimo kimoja hewa hutandaa na kushikamana na panga. Kwa kipimo kingine utando huchanika na moto ukagusa chuma. Kufikia sasa jambo hili ni la maabara zaidi kuliko la vituo vya umeme.

Njia nyingine, ya kutumia sauti yenyewe kuhamisha joto, imeshafika mbali. Mwaka wa 1992 jokofu dogo lililoendeshwa kwa mawimbi ya sauti lilipandishwa angani ndani ya chombo cha Marekani, Discovery, likajaribiwa huko. Mizizi ya kazi hizi zote inarudi katika kitabu kilichoanzwa na mgonjwa mtoni Nile.

Tofauti ndogo iliyokataa kupuuzwa

Ugunduzi uliompa Rayleigh sifa kubwa kuliko zote haukuhusu sauti. Katika miaka ya mwanzo ya 1890 alikuwa akipima uzito wa gesi kwa uangalifu mno. Aligundua kwamba nitrojeni iliyotolewa hewani ilikuwa nzito kidogo kuliko nitrojeni iliyotengenezwa kwa kemikali. Tofauti yenyewe ilikuwa kama sehemu moja kwa 200.

Mtu mwingine angelaumu mizani. Rayleigh alirudia kupima, akabadilisha njia, akapima tena, na tofauti haikuondoka. Mwaka wa 1892 aliandika katika jarida la kisayansi akiwaomba wanakemia wamsaidie kueleza. Kwa mtu wa hadhi yake, kukiri hadharani kwamba ameshindwa na swali dogo namna hiyo hakukuwa jambo jepesi.

Mwanakemia William Ramsay aliitikia mwito huo, na mwaka wa 1894 wawili hao wakatangaza kuwapo kwa gesi mpya hewani, ambayo haiungani na kitu chochote. Waliipa jina la agoni. Gesi hiyo ni karibu asilimia moja ya hewa tunayovuta, na binadamu alikuwa ameivuta tangu kuumbwa kwake bila kujua. Fundi wa kuchomelea vyuma mjini Voi anayetumia mtungi wa agoni leo anatumia matunda ya ukaidi huo.

Mwaka wa 1904 Rayleigh alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, na Ramsay ile ya Kemia. Rayleigh aliikabidhi Cambridge fedha za tuzo yake.

Heshima na vita

Vyeo vilimfuata uzeeni. Aliongoza Shirika la Kifalme la Sayansi kati ya 1905 na 1908, kisha akawa Chansela wa Cambridge hadi kifo chake. Aliwashauri wasimamizi wa minara ya taa kuhusu honi za kuwaonya mabaharia wakati wa ukungu, na mwaka wa 1909 akawa mwenyekiti wa kamati ya serikali iliyochunguza elimu ya urukaji wa ndege.

Miaka sita baadaye, mwaka wa 1915, ndege za kivita za Waingereza zilikuwa zikiruka kutoka Maktau, magharibi mwa Chawia, kuwapeleleza Wajerumani waliokuwa ng'ambo ya mpaka. Mwaka huohuo wenyeji wa Kasigau, wakishukiwa kumsaidia adui, walihamishwa kwa nguvu na serikali ya kikoloni wakapelekwa Malindi, ambako wengi hawakurudi. Himaya iliyomvika Rayleigh nishani ndiyo iliyowang'oa watu wale kwenye mlima wao. Msomaji wa Taita ana haki ya kuyakumbuka yote mawili kwa pamoja.

Rayleigh alifariki Juni 30, 1919, nyumbani kwake Terling, akiwa na umri wa miaka 76. Aliacha makala za kisayansi zaidi ya 400, na zingine zilikuwa mezani zikisubiri kuchapishwa. Mwanawe mkubwa, Robert, ambaye pia alikuwa mwanafizikia, alichapisha kitabu cha maisha ya baba yake mwaka wa 1924.

Wengi hupenda kumtaja Rayleigh kama kielelezo cha akili na subira, na kweli alikuwa navyo. Lakini alikuwa na kitu kingine ambacho hakipaswi kufichwa: kodi za mashamba. Maziwa ya ng'ombe wa Terling na jasho la wakulima wake ndivyo vilivyomnunulia muda wa kuuliza maswali yasiyo na soko. Mtoto wa Chawia mwenye udadisi kama wake hana shamba la kumlipia miaka 20 ya kupima mtetemo wa mrija. Mahali pa kodi zile panaweza kushikwa na kodi za umma tu, kwa njia ya maabara za shule, walimu wa fizikia na vyuo vyenye fedha za utafiti.

Si lazima kuanza na makubwa. Jaribio la Rijke lililomshughulisha Rayleigh linahitaji bomba la chuma lililo wazi kuwili, kipande cha wavu wa waya na moto wa kuupasha. Shule yoyote ya sekondari katika Kaunti ya Taita Taveta inaweza kulifanya alasiri moja, chini ya uangalizi wa mwalimu. Wavu ukishika wekundu na moto ukaondolewa, bomba litaimba lenyewe, na mwanafunzi atakayeuliza kwa nini atakuwa ameanzia pale Rayleigh alipoanzia.